Fomu ya Précieuse

"Précieuse," Mwanamkasi aliita kwa mara ya tatu, na msichana hakugeuka.

Alikuwa amesimama dirishani, akikohoa kikohozi kile kikavu kilichosikika tangu wakiwa kwenye foleni. Alikuwa na miaka tisa, mwembamba, amevaa koti la shule lililofumuliwa nembo. Dative, mwanamke aliyekuja naye, alimgusa bega, ndipo akaja kuketi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa kanisa Hodge Hill, Birmingham. Siku za kazi Mwanamkasi alikaa mapokezi kwenye kliniki ya mtaa. Jumamosi alijitolea kuandikisha watoto wasio na daktari. Kwao Tanga angeuliza kadi ya bima. Huku hakuna kadi. Mtoto huandikishwa kwa daktari wa mtaa, basi. Lakini wako watoto ambao hawakuwa na hata hilo, kwa sababu wazazi wao waliamini kila fomu inaishia mezani kwa watu wa uhamiaji.

Dative alikuwa mmoja wa wazazi hao. Mwanamkasi alimfahamu msibani, mwezi wa pili, akina mama Waswahili na Wakongo walipokusanyika kumpikia. Alikuwa amempoteza Déborah, binti yake wa pekee, aliyezaliwa hapahapa Birmingham. Siku tatu hospitalini, kisha jeneza jeupe. Wiki moja baadaye Dative alihama mtaa wa Harborne, akaenda kupanga Castle Vale ambako hakuna aliyemjua. Hakumuaga mtu. Watu walisema ni uchungu.

"Mama Déborah," Mwanamkasi alisema kwa upole, "huyu ndiye mtoto wa marehemu dada yako?"

Msichana aliinua uso haraka. Amemkumbuka ndugu yake, Mwanamkasi aliwaza, akajuta kulitaja jina lile.

"Ndiyo. Alikuya na miaka sita. Hana papiers ya kukaa huku, hana docteur. Na sasa hii kikohozi, mwezi muzima."

"Unaumwa wapi, mwanangu?"

"My chest. It gets tight when I run."

Mwanamkasi aliandika: kifua kinabana akikimbia. "Miaka mitatu tu, na Kiingereza cha Birmingham kimeshamkaa hivi," alisema, akitabasamu.

Dative hakutabasamu.

"Kuna ugonjwa wowote kwenye familia?"

"Ile ya Déborah. Selimundu."

"Lakini watoto wanaozaliwa huku hupimwa ugonjwa huo wa damu wakiwa wachanga. Hutobolewa kisigino, damu ikapelekwa maabara."

"Docteur naye alisema ivyo. Aliangalia majibu ya zamani kwa ordinateur, akaona Déborah alipimwa, hana. Basi balitafuta magonjwa ingine, siku mbili. Siku ya tatu ndiyo balipima tena damu." Aliutazama mkono wake juu ya meza. "Ilikuwa imechelewa."

Mwanamkasi alitikisa kichwa. Sampuli, aliwaza. Mtu alichanganya sampuli miaka tisa iliyopita, na hatajua kamwe alichokifanya.

"Huyu naye apimwe. Ugonjwa ule unatembea kwenye ukoo."

"Huyu ni muzima," Dative alisema upesi. Kisha akashusha sauti. "Sawa. Bamupime."

"Amezaliwa wapi?"

"Uvira."

Msichana alifungua mdomo. Dative alimbana goti chini ya meza, na mdomo ukafungwa. Mwanamkasi aliliona hilo. Alikuwa ameona watoto wengi waliofundishwa kunyamaza mbele ya fomu, na hakuwalaumu waliowafundisha.

Aliigeuza karatasi ili Dative atie saini. Dative alishika kalamu, lakini hakuandika.

"Viza hamuulizi?"

"Hatuulizi. Wala pasipoti."

"Na kule hospitali? Mutoto hana papiers, anazidiwa kabisa. Banamufukuza?"

"Hapana. Dharura wanampokea yeyote. Akilazwa, bili inaweza kuja baadaye, na hapo tunasaidiana kuandika barua. Lakini mtoto mahututi hawamwachi nje kwa sababu ya makaratasi."

"Hata kama ningesema jina yake ya kweli?"

Mwanamkasi alidhani hakusikia vizuri. "Jina lake lolote, mama."

Nyuma yao foleni ilisogea, mtoto wa mtu akalia, akabembelezwa.

"Na kama ningekuya kwenu mwaka ule alifika," Dative aliuliza, "bangemupima damu?"

"Mngemweleza daktari, naye angempima. Ugonjwa wowote wa damu ungejulikana mapema, akaanzishiwa dawa." Mwanamkasi aliusogeza mkono wake, akaushika wa mwenzake. "Lakini usijilaumu. Umemleta leo. Précieuse bado ana nafasi."

Dative aliiweka kalamu juu ya fomu. Hakulia. Alimvuta msichana karibu, akamfunga kifungo cha juu cha koti, kama anayemwandaa kwa safari ya kurudi nyumbani.

"Précieuse nilimupeleka hospitali na jina ya huyu mutoto yangu," alisema, "na nikamuzika nayo."