Mlango wa Uani

Tangu kituo cha polisi kifungwe na bajeti yake kupewa mtaa, mkosaji hawekwi ndani. Hulishwa nyumba kwa nyumba, na kila Ijumaa hula kwa aliowakosea. Ijumaa hii Shaame alikula kwa Bi Mwanahawa, mama wa marehemu Salha. Mbele ya baraza la mtaa aliapa kwamba hakumjua Salha kabisa. Pikipiki ilimshinda tu, ikamgonga binti huyo.

Alipomaliza wali, akataka kunawa. Mlango wa uani umelegea bawaba, na kila mgeni huhangaika nao mpaka asaidiwe. Shaame aliuinua kidogo kwa ncha ya mguu, akausukuma, akatoka.

Bi Mwanahawa aliacha kukusanya sahani, akautazama mlango.

"Mzee Faki, umeona?" alimnong'oneza mjumbe wa baraza aliyemleta Shaame. "Huyu amewahi kuingia humu kabla ya leo. Alimjua mwanangu!"

Mzee Faki alishusha pumzi. "Sisi tunapatanisha, Bi Mwanahawa. Waliokuwa wakichunguza tumeshawaondoa." Akamsogezea karatasi. "Tia sahihi kwamba mmekula kwa amani."

Shaame alirudi, akauinua mlango tena kwa mguu, akaufunga polepole.

"Ahsante, mama," alisema. "Ijumaa ijayo tena."