Karatasi ya Kifo ya Rangel Dochev

Mzee mwenye kofia alibandika karatasi ya kifo kwenye nguzo ya kituo cha mabasi, akaketi kwenye benchi kungoja. Nguzo za mji wa Ruse hazikosi karatasi kama hizo, za kutangaza waliofariki. Hii ilikuwa na picha ya kijana mwenye masharubu, na jina: Rangel Dochev.

Alitaka kujua jambo moja tu. Nevena akija kupanda basi la kurudi kazini Italia, akaisoma, atalia au atapita?

Kope za mzee zilikuwa zimelegea, uso umevimba kwa dawa. Saratani ya tezi ya kifuani ndiyo iliyomharibia misuli, madaktari walisema. Asubuhi alikuwa na nguvu kidogo. Akisema sana, sauti humwishia. Miezi mitatu hospitalini, hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kumjulia hali. Upweke huo usimpate hata adui!

Nevena akaja na sanduku lake. Akasoma. Sanduku likamponyoka.

"Mama yangu!" Akajitupa kwenye benchi. "Baba, ulimjua huyu?"

"Tulilazwa chumba kimoja," mzee akajibu, sauti ikimtokea puani.

"Nani alikuwa akimuuguza?"

"Hakuna."

"Mjinga yule!" Nevena akajipiga paja, machozi yakimtiririka. "Miaka ishirini na sita kaninunia, eti nilimcheka mbele ya rafiki zake! Alinitaja lakini?"

Basi mzee akasimulia. Kwamba alimtaja kila siku. Kwamba alijuta, akaona haya kuandika barua. Alisema mengi, kwa furaha akasahau ugonjwa, hata maneno yakaanza kukatikakatika.

"Angeniita tu," Nevena akasema. "Kule Italia nawalisha vizee vya watu kwa kijiko, nawabadilisha nguo, nawaimbia. Wangu mwenyewe ningeshindwa? Ningerudi hata kwa miguu, baba!"

Dereva akapiga honi. "Mama, wewe tu tunakungoja! Italia haitakufuata hapa!"

Nevena akabandua karatasi taratibu, akaikunja, akaitia kifuani. "Haya, baba. Mungu akuponye."

Akapanda. Mlango ukafungwa.

Mzee akajaribu kuinuka, miguu ikakataa. Basi likaanza kurudi nyuma, polepole, likapita mbele ya benchi, Nevena akiwa dirishani.

Rangel akafungua kinywa amwite mkewe, lakini sauti ilikuwa imekwisha.