Mkono Begani

"Nyanyua mikono, shangazi," msichana alisema, na fundi akanyanyua.

Miaka yote ya kushona, yeye ndiye hupima watu. Leo futi ya kupimia ilikuwa mikononi mwa mtoto wa miaka kumi na mitano, tena king'ang'anizi, aliyeapa kwamba msimamizi wake wa Kipaimara lazima apendeze kuliko wasimamizi wote. Fundi alijifanya kupinga, lakini moyoni alikuwa anapasuka kwa furaha. Msichana alipomzungushia futi kifuani, fundi alifumba macho. Tangu amzae, mtoto huyu hakuwahi kumkumbatia.

Siri hiyo alikuwa ameifungia na kumeza ufunguo. Alijifungua akiwa bado msichana, hospitalini alikoandikisha jina la uongo, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma na kukiacha kitoto kitandani. Muuguzi wa zamu aliyemzalisha alimchukua yule mtoto na kumlea kama wake. Fundi akahama, akajifunza cherehani, akaolewa na mwanamume mwenye heshima zake asiyejua lolote, na mumewe akaja kumrudisha mji ule ule, ambako sasa mume huyo ni mwenyekiti wa waumini walei parokiani. Kila Jumapili alikutana na muuguzi mlangoni mwa kanisa. Muuguzi alimsalimu kama anavyowasalimu wengine, akaenda zake. Fundi aliamini amesahaulika, akashukuru.

Halafu ikaja huduma. Katekista, mzee mkali anayefundisha huku akigonga meza kwa funguo za sakristia, aliwaagiza vijana wake wachague kila mmoja mtu wa kumsaidia hadi siku ya Kipaimara. Wenzake msichana walichagua vikongwe na wagonjwa. Huyu akaja kibandani kwa fundi, mwanamke mzima mwenye afya yake na cherehani mbili.

"Nimekuchagua wewe," alisema, akachukua ufagio.

Basi kila Jumamosi alifagia vipande vya nguo, akatia mashine mafuta, akatunga uzi sindanoni pale macho ya fundi yalipogoma. Adabu yake ilipitiliza. Vijana wote humwita fundi mama, hata wale wanaokuja tu kupunguza suruali. Huyu alimwita shangazi, na hakuteleza hata mara moja.

"Shangazi, huna watoto?" aliuliza siku moja, akiokota pini sakafuni.

Fundi aliinamia cherehani. Mumewe alikuwa pale mlangoni akisoma gazeti. "Sikujaliwa, mwanangu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Pole sana," msichana alisema, akaendelea kuokota pini. Siku hiyo fundi alikata vibaya kitambaa cha watu.

Kwa hiyo msichana alipomwomba amsimamie, fundi alijiona amesamehewa bila kuungama. Askofu anapompaka kijana mafuta ya krisma kwenye paji la uso, msimamizi husimama nyuma yake na kumwekea mkono wa kulia begani. Ni muda wa kupiga chafya tu. Lakini ni mbele ya watu wote, na fundi hakuwa na njia nyingine duniani ya kumshika mwanawe hadharani. Aliutaka muda huo kwa uchu wa mtu mwenye kiu.

Katekista alimhoji ofisini kama anavyowahoji wasimamizi wote.

"Una undugu na huyu binti?"

"Hapana, katekista. Ni jirani tu."

"Hakuna undugu wowote?"

"Ungekuwapo ningekuficha?" fundi alisema, akacheka.

Msichana alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, akimtazama fundi mdomoni. "Umemsikia mwenyewe, katekista," alisema kwa upole.

Siku ilipofika, kanisa lilijaa hadi kwenye ngazi za nje. Mwenyekiti alikaa benchi la mbele na suti yake, kichwa juu, maana si kila mume ana mke wa kuitwa na watoto wa watu. Muuguzi alikaa benchi hilo hilo, na kando yake dada yake, aliyejifunika mtandio mzito na joto lote lile. Fundi alikuwa kwenye mstari na gauni lake jipya, utepe mweupe wa wasimamizi umebandikwa kifuani. Mstari ukasogea. Mmoja mmoja, vijana walitaja majina yao ya Kipaimara kwenye kipaza sauti, wakapakwa, wakapisha.

Zamu yao ikafika. Fundi akainua mkono, akauweka. Bega lilikuwa jembamba, lina joto, na halikujikunja. Machozi yakamtoka na hakujali nani anaona. Asante, alisema moyoni, asante, asante.

Askofu akachovya kidole gumba kwenye krisma. "Jina lako, binti?"

Msichana akaushika mkono ulio begani pake kwa vidole viwili, akauondoa taratibu, kama mtu anayetoa uzi ulionasa kwenye nguo. Kisha akakisogelea kipaza sauti.

"Samahani, Baba Askofu," alisema, na sauti yake ikafika hadi kwenye ngazi za nje. "Tumefundishwa kwamba mama mzazi haruhusiwi kumsimamia mwanawe."

Katika benchi la mbele, dada yake muuguzi alikuwa keshasimama na kuvua mtandio, na kifuani pake kulikuwa na utepe mweupe wa wasimamizi.