Mtukutu wa Kochi la Nyuma

Jirani wa ukuta mmoja anaapa kwamba aliona kwa macho yake mawili: Fundi cherehani, mtu mzima mwenye mvi zake na duka lake, amepiga magoti uani kwake jua likiwaka, mikono juu, na mkewe anamchungulia dirishani akimtolea ulimi.

Jirani akadhani wamegombana. Akasogea ukutani ili aamulie.

"Niache, jirani," Fundi akanong'ona. "Nikishusha mikono ananiongezea."

"Nani anakuongezea?"

"Mwalimu."

Jirani anasema alirudi ndani, akanywa maji, akakaa chini.

Na kwa hili, jirani hakutia chumvi. Sebule ya Fundi ilikuwa imegeuka darasa. Makochi yalipangwa mistari miwili. Kwenye kabati la vyombo uliegemezwa ubao uliopakwa rangi nyeusi. Wanafunzi walikuwa Fundi, mkewe, na shemeji yake kinyozi, ambaye siku hizi alifunga kibanda mapema, mteja akibaki na ndevu za upande mmoja, ili awahi kipindi.

Mwalimu alikuwa amepata kazi ng'ambo. Kazi ya kwanza tangu cheti kitoke. Shule zote za mjini zilimkataa: uzoefu hana, na umri wake nao haukumsaidia. Hiyo ya ng'ambo ilimkubali kwenye simu, bila kumwona. Toka siku hiyo pale nyumbani ikawa marufuku kumwita vingine. Ni Mwalimu mezani, ni Mwalimu hata ukimgongea mlango wa bafuni.

Fundi hakupata usingizi mzuri tena.

"Kazi ya kwanza tu, aanzie ng'ambo?" alimlalamikia mkewe. "Watamdanganya kule. Watamwibia mabegi. Mtu hata kituo cha basi anasindikizwa!"

"Mbona chuo alikwenda?"

"Chuo kiko mtaa wa pili! Na wewe ngoja tu, atatuletea mchumba hatujui hata kwao."

"Akimleta tutampikia," mkewe akasema. "Mwache aende, baba. Umemganda kama kupe."

Koti la safari alilopewa ashone likatoka na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Akalifumua. Likatoka halina mahali pa kupitisha kichwa. Akaona hilo halitoshi, akaja na hila kubwa zaidi.

"Watoto wa huko wanaliza walimu," alimwambia Mwalimu. "Jaribu kwetu kwanza. Ukijaza ubao mzima darasa likiwa kimya, nenda. Ukishindwa, tiketi inarudishwa."

Mwalimu akafuta miwani kwa upindo wa nguo. "Sawa. Lakini wewe utakaa nyuma, maana nakujua."

Basi Fundi akawa mtukutu wa kupigiwa mfano. Alirusha vifungo vya mashati. Alilia kama mbuzi. Aliomba ruhusa ya kwenda chooni, akarudi, akaomba ruhusa ya kwenda kuangalia kama alizima taa ya choo.

"Mwalimu, huyu anakula karanga!" mkewe alichongea.

"Mwongo huyo, Mwalimu! Amekasirika kwa sababu nimemnyima!"

Shemeji alilala, na kulala kwenyewe hakukuwa kwa maigizo. Kila jioni ubao uliishia katikati. Mwalimu aliketi, sauti imemkauka, akijikanda magoti. Fundi alikwenda kitandani na ushindi wake, ingawa moyo ulimsuta kidogo.

Ikafika siku ya mwisho. Ndege ilikuwa kesho asubuhi.

Mwalimu aliingia bila kumkaripia mtu. Alichora bahari sehemu ya chini ya ubao, akachora jua juu yake, akaanza kueleza mvua inakotoka.

Fundi akalia kama mbuzi. Hakuna aliyecheka.

Akarusha kifungo. Mkewe akakidaka, akakitia mfukoni, macho hayakubanduka ubaoni.

Akamfinya shemeji shingoni.

"Tulia, bwana!" shemeji akamkemea kwa sauti ya chini. "Ndiyo kwanza tunafika mawinguni."

Fundi akatafuta utundu mwingine. Akaufikiria mmoja mzuri sana, wa kuanguka na kochi. Lakini Mwalimu alikuwa ameuliza kwa nini wingu, pamoja na maji yote yale, halituangukii kichwani, akanyamaza kidogo kama mtu mwenye siri. Fundi, ambaye kwa mvi zake zote hakuwahi kujiuliza jambo hilo, akajikuta ameinama mbele, mdomo wazi, anasubiri.

Chaki ikaenda, ikaenda. Ikashuka hadi kwenye pembe ya chini ya ubao. Ikawekwa chini.

Kimya.

"Na mvua ya mawe je?" ikauliza sauti dirishani. Alikuwa jirani, viwiko vyake juu ya kizingiti, amefika tangu kwenye bahari.

Mwalimu akamjibu vizuri, taratibu, kama ni mwanafunzi wake wa siku zote. Kisha akajipangusa vumbi la chaki mikononi na kuwatazama mmoja mmoja. Uso wake uling'aa. Ameweza. Hata Fundi aliona kwamba ameweza.

"Kuna swali jingine?"

Kidole kikanyooka kwenye kochi la nyuma.

"Haya, wewe mtukutu. Simama useme."

Fundi akasimama, mikono nyuma, kama alivyofundishwa.

"Mama," akasema, "ulinizaa peke yangu, na sijawahi kulala nyumba usiyokuwamo. Naomba usiende."