Rangi ya Rupia

Kila picha ilitoka ya njano. Mwanasha aliisogeza rupia ya marehemu bibi yake chini ya balbu, akaipiga picha tena kwa simu, akamtumia mnunuzi wa sarafu za kale. Jibu likawa lile lile: "Dada, hiyo ni shaba. Mimi nataka ya fedha."

Chumbani mumewe alikohoa. Dawa zilikuwa zimekwisha.

Mwanasha akaona labda ni uchafu. Alichukua majivu na ndimu, akaisugua kama anavyosugua sufuria, mpaka vidole vikamuuma. Akapiga. Njano vile vile.

Shomari, mdogo wa mumewe, mpiga picha za harusi, alipoingia alicheka. "Balbu hiyo, shemeji! Njoo mlangoni, kwenye mwanga wa mchana." Akatandika karatasi nyeupe, akairekebisha simu mpaka karatasi ikaonekana nyeupe kweli, akaipiga rupia juu yake. Safari hii ilitoka fedha tupu.

Mnunuzi akajibu papo hapo: "Kumbe ni yenyewe! Lakini naona mikwaruzo. Nani kaisugua? Iliyosuguliwa sinunui."

"Amesemaje?" mumewe aliita kutoka chumbani.

Vidole vya Mwanasha vilinukia ndimu, na rupia iling'aa kiganjani kama mpya.