Makofi ya Mezani

Bungeni walibishana: nchi inunue manowari au ndege za kivita? Nje, vijana walikuwa wamejaa uwanjani wakiitaka serikali ijiuzulu. Shaame, mwana wa mbunge Mashavu, alikuwa miongoni mwao.

"Mheshimiwa Waziri," mbunge mmoja alitania, "hiyo manowari itafikaje pale uwanjani?"

"Ndiyo maana mimi nataka ndege, ndugu yangu," Waziri alijibu.

Ukumbi mzima ukacheka, wakapiga meza kuunga mkono. Mashavu alitulia tu. Jirani yake akamgeukia.

"Vipi mama, mbona wewe hupigi?"

Naye akapiga, kwa nguvu kuliko wote.

Kelele zilipokwisha, wimbo wa vijana uliingia dirishani. Aliyeimbisha alikuwa Shaame. Mashavu akakificha kiganja chini ya mtandio, kikiwa bado kinawaka moto.