Sauti ya Marehemu

"Mbaruku, umemuua mume wangu mara ya pili!" Bi Mgeni alifoka, majirani wamejaa uani kama kuna arusi. "Kaswida zote alizorekodi zimo humo. Umechokonoa, sasa kompyuta inasema haina diski!"

"Sijafuta kitu, Bi Mgeni," alijibu Mbaruku, fundi wa nyumba ya pili, jasho likimtiririka. "Sidii ya kuwekea mfumo wa kompyuta ni ya zamani, haiijui diski hii. Nimeandaa nyingine, nikaitia draiva, programu ndogo za kuitambua."

"Maneno ya mafundi hayo!" akadakia Mama Chausiku, mmoja wa majirani.

Mbaruku akaisukuma sidii ndani. Hakuthubutu kuwaambia kwamba diski iliyokufa nayo hutoa jibu hilohilo. Mashine ikavuma, kioo kikabaki cheusi. Kisha maandishi meupe yakatokea: diski ipo. Chini yake, swali: kufuta vilivyomo au kuvibakiza? Kitufe kimoja kinafuta vyote. Cha pembeni yake kinabakiza.

Majirani wakasogea. Kidole chake kikaning'inia juu ya vitufe, kikitetemeka.

Bi Mgeni akamshika kiganja, akakivuta taratibu.

"Si kwa mkono huu unaotetemeka, mwanangu. Wali umeiva. Ingia ndani ule kwanza."